Maswali ya Magari: STI ya Bondi ya Nakawa, GT86 ya Shemeji, na Redio Isiyokamata Stesheni

SWALI: Ndugu Mhariri, katika bondi moja hapa Nakawa nimeona Subaru WRX STI ya mwaka 2015, rangi ya buluu, ambayo mita yake inasoma kilomita 68,000. Muuzaji amenionyesha karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi iliyotoka mnadani Japani, yenye alama ya 4, akaniambia kwamba gari hili ni lilelile linalouzwa Marekani, na kwamba eksozi kubwa iliyofungwa pamoja na kompyuta ya injini iliyoandikwa upya ni faida ninayoipata bure. Gari haliruhusiwi kutoka nje ya bondi mpaka ushuru ulipwe, kwa hiyo siwezi kulijaribu barabarani. Nitaijuaje hali yake? — Msomaji, Kampala.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hilo la Marekani, kwa sababu muuzaji amelisema kwa wepisi na ndilo litakalokusumbua siku ya kutafuta spea. STI ya umbo hili, iliyouzwa kuanzia mwaka 2014, ilibaki Japani na injini ya EJ207 ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 308, ilhali Marekani ilipelekewa EJ257 ya lita 2.5. Pistoni si zile zile, turbo si ile ile, na hata mabomba ya moshi kati ya injini na turbo yamepangwa tofauti, kwa kuwa turbo ya Japani hupokea moshi kwa njia mbili zilizotenganishwa. Ndiyo maana STI halisi ya Japani haingurumi kwa ule mlio wa kukatakata ambao vijana wetu wameuzoea kwenye Subaru za zamani. Mtu akiukosa mlio huo asidhani kwamba injini ina kasoro. Na akiusikia, aulize ni nani aliyebadilisha mabomba na kwa nini. Kwa maoni yangu injini ya Japani ndiyo bora kati ya hizo mbili, kwani ile ya lita 2.5 imejulikana kwa muda mrefu kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi. Lakini ukiagiza vipuri vya Marekani kwa kuamini maneno ya muuzaji, utaletewa vitu visivyoingia.

Nembo ya nyuma isikushughulishe sana. Wekundu wa herufi za STI hununuliwa dukani, na yako magari mengi ya kawaida mjini Kampala yaliyobandikwa herufi hizo pamoja na boneti yenye tundu. Soma namba ya chesisi. Magari ya Japani hayatumii ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Hutumia msimbo mfupi wa muundo, ukifuatwa na namba ya gari lenyewe, na msimbo huo ndio jina halisi la gari. VAB ni STI yenye gia za mkono. VAG ni WRX S4, ambayo kwa nje hufanana nayo sana lakini ina injini ya FA20 yenye taimingi ya mnyororo na giaboksi ya otomatiki ya CVT pekee. Kwenye umbo lililotangulia, GRB na GVB ni STI za gia za mkono, na GRF na GVF ni toleo la A-Line lenye injini ya lita 2.5 na otomatiki ya gia tano, ambalo Japani yenyewe iliuziwa. Linganisha namba iliyo kwenye bamba na ile iliyochongwa kwenye chuma cha gari, kisha zilinganishe zote mbili na hati. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mshukuru muuzaji na uondoke.

Ukiwa hapo, uliza pia mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa hati za Japani huonyesha mwezi na mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na gari linaweza kuwa lilikaa kwa muuzaji wa Japani kabla ya kusajiliwa. Sheria yetu iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15, na hesabu huanzia siku ya kutengenezwa. Kwa gari la 2015 hilo halikuzuii leo, lakini tozo ya mazingira nayo huangalia umri. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: kwenye lebo iliyoshonwa chini kabisa mara nyingi utakuta mwaka ambao mkanda wenyewe ulitengenezwa, na mwaka huo haupiti mbali na ule wa gari.

Sasa tuje kwenye karatasi ya mnada. Alama ya 4 ni maoni ya mkaguzi aliyelitazama gari kwa dakika chache, na sehemu kubwa ya maoni hayo inahusu bodi. Si hati ya afya ya injini. Chenye thamani zaidi kuliko alama ni ule mchoro mdogo wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa kizima; tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Gari lenye A1 na U1 kumi limetumika tu, kama linavyotumika gari lolote linaloegeshwa mjini. Lenye W3 kwenye ubavu wa nyuma na XX kwenye boneti lina kisa chake, na unapaswa kukijua kabla ya kuzungumza bei. Alama ya R au RA maana yake ni kwamba liligongwa na kutengenezwa. Mimi ningelichukua gari la 3.5 lenye historia inayosomeka kuliko la 4.5 ambalo karatasi yake ni nakala ya nakala isiyoonyesha jina la mnada, tarehe wala namba ya gari mnadani. Karatasi hizi hughushiwa, na kwa kutumia tarehe na namba hizo unaweza kuitafuta ile ya awali kupitia huduma za mtandaoni kwa malipo kidogo.

Kwa kilomita, dai hati ya usafirishaji iliyotolewa Japani gari lilipofutwa kwenye sajili. Kila gari la binafsi nchini humo hupita ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miwili, na mita husomwa na kuandikwa. Hati hubeba usomaji wa mwisho, na mara nyingi ule uliotangulia pia. Kama ukaguzi wa mwisho uliandika kilomita 91,000 na dashibodi ya Nakawa inasoma 68,000, huna haja ya kubishana na mtu.

Tazama pia jina la mji wa mnada. STI hupendwa na wakazi wa Hokkaido, Niigata na sehemu nyingine za theluji kwa sababu magurudumu yake yote manne huvuta, na katika sehemu hizo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na rangi inayong'aa juu na kutu iliyomenya fremu ndogo ya nyuma chini. Omba lipandishwe jeki, ulale chini mwenyewe ukiwa na tochi, na ugongegonge mahali pa kufungia mikono ya magurudumu ya nyuma na ndani ya matao ya matairi. Rangi nyeusi mbichi iliyopulizwa chini ya gari la miaka kumi si usafi.

Kuhusu kutolijaribu barabarani, ni kweli kwamba gari lisilolipiwa ushuru halitoki, lakini uwanja wa bondi unatosha kukuambia mengi ukifika mapema. Vijana wa bondi huwasha magari asubuhi ili betri zisife, kwa hiyo patana na muuzaji siku moja kabla kwamba hili lisiwashwe hadi ufike, kisha weka kiganja juu ya injini kabla ya kuingia ndani. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine. Ikiwa ni baridi, chomoa kwanza kijiti cha oili: oili iwe kwenye kipimo, isiwe na rangi ya maziwa wala harufu ya petroli. Washa, na mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu unaoendelea baada ya dakika ya kwanza ni oili inayoungua. Injini hizi zinaweza kutoa sauti ya kugongagonga zikiwa za baridi, ambayo ni pistoni kwenye silinda, na hupungua kadiri joto linavyopanda. Sauti ya kuogopwa ni ile inayokwenda kinyume: huzidi injini ikipata joto, na husikika wazi ukipandisha mizunguko hadi kama 3,000 kisha ukaiachia taratibu. Hiyo ni beringi ya krenki, na bei ya kuitengeneza ni bei ya injini.

Injini ikishapata joto, zungusha gari katika duara usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. STI ina difu ya kati ambayo dereva huirekebisha kwa kitufe kilicho karibu na gia. Ikiwa imefunguliwa kabisa, gari lizunguke laini. Ikiwa imefungwa, litajivuta na kurukaruka, na hiyo ni kawaida yake. Likijivuta wakati imefunguliwa, angalia kwanza matairi, maana gari la magurudumu manne yanayovuta halitaki matairi ya makampuni tofauti au yaliyolika tofauti. Kama matairi yanalingana na bado linajivuta, difu ina tatizo. Kisha lete fundi wako apime kompresheni ya silinda zote nne. Kwenye injini hii plagi zimelala ubavuni na kuzifikia ni kazi ya kuumiza vidole, ndiyo sababu wauzaji watakuambia kwamba haina haja. Lipia kazi hiyo hata kama hatimaye hutanunua.

Sasa hizo faida za bure. Eksozi peke yake haiui injini, ingawa ningetaka kuona ile ya awali ikiwa ndani ya mauzo. Kompyuta iliyoandikwa upya ndiyo inayonitia wasiwasi. EJ207 ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, inayofikia karibu 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Programu ya kiwandani ina akiba ya kutosha kujilinda ikisikia mlipuko usio wa wakati wake ndani ya silinda. Programu ya fundi asiyejulikana huenda imeitumia akiba hiyo yote ili gari liende kasi zaidi kwa petroli ya Osaka. Mwambie muuzaji airudishe programu ya kiwandani kabla ya malipo, au apunguze bei kwa kiasi cha kazi hiyo. Akisema haiwezekani, basi hajui kilichomo ndani ya kompyuta hiyo, na wewe pia hujui.

Mwisho kwa upande wako, uliza waziwazi kama bei uliyotajiwa ina ushuru ndani yake au la, maana URA, mamlaka ya mapato, huhesabu kodi kwa orodha yake ya thamani ya magari na si kwa risiti utakayopewa. Omba pia cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinachotakiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda. Tenga na fedha za taimingi belti, rola zake na pampu ya maji: Subaru huhesabu kilomita 100,000, lakini raba ya umri huu nisingeiamini kwa kilomita yoyote, kwa kuwa belti ikikatika valvu hukutana na pistoni.

SWALI: Mhariri, shemeji yangu anarudi nyumbani kutoka Uingereza na anataka kuja na Toyota GT86 ya mwaka 2013 iliyotembea maili 61,000, kisha aniuzie. Rafiki yangu ananishauri nichukue 86, kama gari hilohilo linavyoitwa Japani, badala yake. Ipi ni salama zaidi? — Msomaji, Mbarara.

JIBU: Usukani ni wa kulia kwa zote mbili na injini ni ile ile ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 200, kwa hiyo swali lako ni la historia zaidi kuliko la muundo. Hapo gari la Uingereza lina jambo moja zuri sana: matokeo ya ukaguzi wake wa kila mwaka, unaoitwa MOT na unaoanza gari likitimiza miaka mitatu, yanasomeka bure mtandaoni kwa namba ya usajili, pamoja na usomaji wa mita na maonyo ya mkaguzi. Keti na namba ya gari la shemeji yako usome mwaka hadi mwaka. Maili 61,000 ni zaidi kidogo ya kilomita 98,000, na hilo likumbuke unapolinganisha bei, kwa sababu matangazo ya Kampala hupenda kutaja tarakimu bila kutaja kipimo. Neno la kutafuta katika maonyo hayo ni kutu, kwani Uingereza nayo humwaga chumvi barabarani. Mwombe pia alipie uchunguzi wa kujua kama bima iliwahi kulifuta gari hilo. Tangu Oktoba 2017, gari lililoumia muundo wake hupewa kundi la S, na lililoumia bila muundo kuguswa hupewa N. La N linaweza kuwa gari zuri kwa bei iliyopungua. La S silitaki, hata likiwa la ndugu.

Kuna jambo jingine linalozihusu zote mbili, na mafundi wengi hawaliulizi. Mwishoni mwa mwaka 2018 Subaru, ambaye ndiye mtengenezaji wa injini hii, aliyaita magari ya mwanzo ya aina hii yarudishwe kwa matengenezo kwa sababu ya springi za valvu zilizoweza kuvunjika. Kazi yenyewe ni kubwa: injini hutolewa, vifuniko hufunguliwa na kufungwa tena kwa gundi maalumu. Baadhi ya injini zilizofanyiwa kazi hiyo ziliharibika baadaye kwa sababu gundi iliyozidi iliingia ndani ikaziba chujio la pampu ya oili. Kwa hiyo usiridhike na jibu la kwamba kazi ilifanyika. Uliza ilifanyika lini, na gari limetembea maili ngapi tangu siku hiyo. Lililotembea maili 20,000 baada ya matengenezo limeshajithibitisha. Lililofanyiwa mwezi uliopita ili liuzwe, fungua karteli ya oili na utazame chujio kabla ya kulipa. Kama kazi haikufanyika kabisa, ifanyike hukohuko Uingereza kwa muuzaji wa Toyota, ambako mteja hailipii.

Ukiamua kufuata ushauri wa rafiki yako, soma daraja la gari kabla ya picha. Japani iliuza 86 ya daraja la RC, iliyokusudiwa watu wa mashindano, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na rimu za chuma, bampa zisizopakwa rangi na bila kiyoyozi. Nyingi zimepambwa baadaye na kwa nje hutaitambua. Bonyeza kitufe cha kiyoyozi ukiwa bado umesimama hapo. Kati ya haya mawili, ningechukua la shemeji, mradi MOT yake haitaji kutu ya muundo, kwa sababu mwenye gari yupo na anaulizika.

SWALI: Nimenunua WRX S4. Redio inakamata stesheni mbili tu, ramani inazungumza Kijapani, na tangu nilipobadilisha kioo cha mbele kilichopasuka, taa ya EyeSight haizimiki. Nimwone fundi umeme? — Msomaji, Gulu.

JIBU: Redio haijaharibika. Redio za magari ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, na zile za karibuni 95, wakati stesheni zetu zimetandazwa kati ya 88 na 108. Kifaa kidogo cha kushusha masafa kitakuongezea stesheni kadhaa, lakini namba utakazoziona hazitalingana na zile zinazotangazwa, na sauti mara nyingi hufifia. Ni afadhali kubadilisha redio nzima, ukihakikisha kwamba fundi anaunganisha tena kamera ya nyuma na vitufe vya usukani. Ramani ni ya Japani peke yake na haina barabara hata moja ya Uganda, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kuhusu EyeSight, mfumo wa Subaru wa kumsaidia dereva asigonge, fundi umeme wa kawaida hataimaliza. Mfumo huo huona kwa kamera mbili zilizofungwa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na hupima umbali kwa kulinganisha picha za kamera hizo. Kioo kikibadilishwa, hata kikiwa kizuri, kamera lazima zipimwe upya kwa kifaa cha uchunguzi cha Subaru na ubao maalumu unaowekwa mbele ya gari katika umbali uliopangwa, kwenye sakafu iliyo sawa. Muulize aliyekuwekea kioo kama ni kile kilichokusudiwa kwa EyeSight, kwa kuwa kioo cha bei nafuu chenye unene tofauti au kivuli mbele ya kamera hakitakubali kupimwa. Kazi hiyo itakufikisha Kampala, kwa mtu mwenye kifaa chenyewe. Mpigie simu kwanza umtumie namba ya chesisi. Mpaka hapo breki ya dharura na udhibiti wa umbali havifanyi kazi, lakini injini, breki za kawaida na usukani haviathiriki, na unaweza kuendelea kuliendesha gari lako. Usimruhusu mtu achomoe waya wa taa hiyo ili izime.